Mtoto wa Maskini Hana Shule ya Pili

Katika maisha yangu yote ya ualimu hakuna kauli niliyoisikia mara nyingi kuliko hii: watoto wa huku hawafaulu kwa sababu ni watoto wa maskini. Niliisikia ofisini kwa walimu siku ya matokeo, niliisikia kwenye vikao vya kata, na niliisikia kwa wazazi wenyewe, waliokuwa wamekwisha kuipokea kama hukumu. Sasa nimestaafu, na kwa kuwa nimeshika chaki miaka mingi mkoani Mtwara, kwanza shule za msingi na baadaye sekondari ya kata, naona nina haki ya kuijibu. Umaskini unaumiza, nami nimeuona kwa macho. Lakini nimewaona pia watoto wa kijiji kimoja, wa nyumba zinazofanana kwa kila kitu, wengine wakifaulu na wengine wakifeli kutokana na mambo ambayo sisi watu wazima tulikuwa na uwezo nayo.

Nilipangiwa kazi kwenye uwanda wa Makonde mwishoni mwa miaka ya 1990, nikiwa kijana mwenye cheti cha Daraja la III A. Anayeujua uwanda ule anajua kwamba shida yake ya kwanza ni maji. Ardhi ni ya kichanga, inakunywa mvua yote, na chemchemi ziko chini mabondeni. Wenye uwezo hujenga visima vya saruji uani vya kukinga maji ya mvua yanayotiririka kwenye bati. Visima vikikauka wakati wa kiangazi, wanawake na wasichana huteremka bondeni kabla ya alfajiri na kupanda na ndoo kichwani jua likichomoza.

Shule nayo ilihitaji maji ya kumwagilia maua, kupiga deki ofisi na kuwapikia walimu chai. Kwa hiyo kila mwanafunzi aliagizwa kuja na kidumu. Mwalimu wa zamu alisimama njiani na fimbo. Asiye na kidumu alichapwa au alirudishwa. Mwezi Septemba, kiangazi kikiwa kimekaza, daftari la mahudhurio la darasa la sita lilijaa alama za utoro mbele ya majina ya wasichana. Nikawauliza wenzao. Jibu lilikuwa moja: "Hana maji, mwalimu. Anaogopa."

Fedha za Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, yaani MMEM, zilipofika na madarasa mapya yakaezekwa bati, mwalimu mkuu aliyekuwa amehamia kwetu aliwataka mafundi wafunge mifereji na kujenga kisima kabla ya kupaka rangi ukutani. Kisima kikajaa masika, na agizo la vidumu likafutwa. Kiangazi kilichofuata wasichana walikuwapo darasani, wala hakuna mzazi aliyekuwa ametajirika katikati ya hapo. Nikajifunza kwamba kabla ya kumfuata mtoro nyumbani kwao, shule ijiulize yenyewe imeweka kizuizi gani mlangoni.

Jambo jingine nililifahamu kwenye mikutano ya wazazi. Tuliandika barua, akina baba wakaja, wakasikiliza kwa adabu, wakaondoka, na mambo yakabaki vilevile. Siku moja nilimwita mzee ambaye binti yake wa darasa la saba alikuwa ameacha kuja.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwalimu. Mimi nimekuja kwa heshima yako. Lakini mwenye mtoto ni mjomba wake. Yeye umemwita?"

Wamakonde huhesabu ukoo kwa upande wa mama, na mjomba ana kauli kubwa juu ya wapwa zake: lini watachezwa, nani atawaoa, na hata kama wataendelea na shule. Miaka yote hiyo barua zetu zilikuwa zinamwendea mtu asiye na neno la mwisho. Kamati ya shule ikaanza kuwaalika wajomba, kisha makungwi na mangariba. Mazungumzo yale yalizaa kitu ambacho amri za wilayani hazikukiweza: jando na unyago vikapangwa viishe ndani ya likizo za Juni na Desemba, mwali awe ametoka kabla ya kengele ya kufungua shule. Binti wa yule mzee alirudi, akafanya mtihani wake.

Wajomba haohao ndio waliotueleza mwendo wa fedha kijijini. Korosho huanza kuokotwa karibu na Septemba, na mauzo yake hushika kasi kati ya Oktoba na Desemba. Shule ilikuwa ikiomba michango Februari, wakati fedha ya korosho imekwisha, mavuno mapya bado, na watu wanachimba ming'oko porini wapate cha kutia tumboni. Kamati ikahamisha mchango wa uji hadi msimu wa mauzo. Kila nyumba ilitoa debe la mahindi au fedha ya debe, ikatunzwa stoo, na uji ukapikwa miezi ile ya njaa. Kabla ya hapo, vipindi vya baada ya saa nne nilivifundisha mbele ya vichwa vilivyolazwa juu ya madawati. Uji ulipoanza, watoto walewale walinyoosha vidole. Mwenye njaa hana miiko, na darasani hana masikio.

Uji ule haukudumu. Elimu bila malipo ilipoanza Januari 2016, kufuatia Waraka wa Elimu Namba 5 wa 2015, wazazi wengi waliamini kwamba hata chakula sasa ni juu ya serikali. Waraka Namba 3 wa 2016 ulieleza kwamba chakula cha mwanafunzi wa kutwa ni jukumu la mzazi, lakini habari za majukwaani zilikuwa zimekwisha kufika vijijini kabla ya waraka, na walimu wakuu waliogopa hata kulitaja neno mchango. Nafurahi michango ya lazima ilifutwa, maana nilikuwa nimewashuhudia watoto wakirudishwa nyumbani kwa shilingi chache. Ila sera njema isiyoelezwa vizuri inaweza kumwondolea mtoto bakuli la uji mkononi, na hilo lilitokea.

Maji, uji na wajomba humfikisha mtoto kwenye dawati. Akishakaa, mzigo unahamia kwa mwalimu, na kwa maoni yangu mwalimu anayebeba mzigo mkubwa kuliko wote ni yule wa darasa la kwanza.

Ada ya shule za msingi ilifutwa mwaka 2001, na MMEM ukaanza 2002. Wanafunzi wa shule za msingi nchini, waliokuwa kama milioni 4.4 mwaka 2000, walikaribia milioni 8 ilipofika 2006. Kwetu darasa la kwanza la 2002 lilipita watoto mia, wa miaka saba wakibanana na wa miaka kumi na zaidi. Desturi ya shule nyingi ilikuwa kuwapeleka walimu hodari darasa la saba, kwa sababu huko ndiko kwenye mtihani, na kumwachia darasa la kwanza yeyote aliyebaki. Mwalimu mkuu wetu alifanya kinyume. Alimkabidhi mwalimu mzoefu kuliko sote, mama aliyekaribia kustaafu.

Nilikuwa nikipita nje ya darasa lake kwa makusudi ili nijifunze. Aliwagawa watoto katika makundi, makundi mengine akayakalisha chini ya mkorosho. Herufi zake zilikatwa kwenye maboksi ya sabuni, na hesabu zilifundishwa kwa vizibo vya soda. Hakuridhika na darasa kuimba ubao kwa sauti moja. Kila mtoto, kwa zamu yake, alisimama karibu naye na kumsomea mstari mmoja. Yule mama alikuwa akifunika maneno ya mwanzo kwa kiganja na kumwambia mtoto aanzie neno la tatu, apate kujua kama mtoto anasoma au amekariri tu. Aliyekwama kwenye "ng'" au "mbw" aliandikwa kwenye daftari dogo, na kesho yake alikaa mbele. Watoto wale walipofika kwangu darasa la tano, walisoma wenyewe maswali ya hesabu za mafumbo na kubishana juu ya majibu. Waliohamia kutoka kwingine walisubiri mtu awasomee.

Miaka michache baadaye nchi nzima ilielezwa ukubwa wa tatizo. Tathmini za mwanzo za Uwezo, zilizofanywa kwa kuwafuata watoto majumbani kuanzia 2010, zilionyesha kuwa katika kila watoto kumi wa darasa la tatu, kama watatu tu ndio waliweza kusoma hadithi fupi ya Kiswahili ya kiwango cha darasa la pili. Nilishukuru serikali ilipobadili mtaala wa madarasa ya chini mwaka 2015 na kuyapa uzito mafunzo ya kusoma, kuandika na kuhesabu, yaani KKK. Hapo ndipo pa kuanzia. Asiyejua kusoma darasa la tatu hufundishwa darasa la nne, la tano na la sita bila kupata chochote, huku jina lake likihesabiwa kwenye takwimu za walioandikishwa.

Lakini hata mwalimu hodari hafundishi akiwa nje ya darasa. Mishahara yetu ilikuwa ikichukuliwa benki mjini. Kila mwisho wa mwezi tuliondoka kwa basi la alfajiri, tukapanga foleni, tukalala huko, na shule ikabaki kwa viranja. Wengine walikwenda wilayani kufuatilia malimbikizo na kupandishwa daraja, wakarudi mikono mitupu, wakaenda tena. Nyumba za walimu zilivuja. Moyo wa kazi ulipungua, na mtu aliyekuwapo shuleni aliona si vibaya kukaa chini ya mwembe akijaza fomu wakati kengele ya kipindi imeshagonga. Uchunguzi wa Benki ya Dunia katika shule za msingi za Tanzania mwaka 2014 ulikuta karibu nusu ya walimu hawamo madarasani saa ya kufundisha, na wengi wao walikuwamo humohumo shuleni.

Mwalimu mkuu wetu alilishughulikia tatizo hilo kwa njia rahisi. Aliweka daftari la vipindi kwa kiranja wa kila darasa. Mwalimu akiingia alitia sahihi, asipoingia nafasi ilibaki wazi. Mwisho wa mwezi alilisoma mbele ya kamati ya shule, akianza na vipindi vyake mwenyewe, maana naye alifundisha. Safari za benki zikapangwa kwa zamu. Papo hapo alikuwa akienda wilayani kutugombea madai yetu na alisimamia ukarabati wa nyumba zetu. Alitudai kazi na alitutetea, na kwa sababu hiyo tulimkubalia.

Nilipokuwa nasoma shahada ya ualimu kwa masafa katika Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, nilikutana na utafiti ulionipa maneno ya kueleza niliyoyaona. Mwaka 1966 nchini Marekani, James Coleman na wenzake walitoa ripoti kubwa iliyosema kwamba hali ya familia huamua mafanikio ya mtoto kuliko shule anayosoma. Wengi waliichukua kuwa kanuni ya dunia nzima. Kisha Stephen Heyneman akafanya utafiti katika shule za msingi za Uganda, akaona kwamba kule hali ya uchumi ya nyumbani haikueleza sana nani atafaulu. Mwaka 1983 yeye na William Loxley walilinganisha nchi 29, wakaonyesha kwamba kadiri nchi inavyokuwa maskini, ndivyo ubora wa shule na walimu unavyozidi kuwa na uzito katika mafanikio ya mwanafunzi. Watafiti waliowafuata wamesema kwamba elimu ilivyozidi kuenea, uzito wa familia umeongezeka hata katika nchi maskini. Nami naliamini hilo, maana siku hizi hata vijijini wako wenye kulipia twisheni. Lakini kiini cha matokeo yale kinabaki. Nyumba isiyo na kitabu, isiyo na taa ya kusomea, ambayo mzazi hakumaliza shule, haiwezi kufidia kile ambacho mwalimu hakukifundisha. Mtoto wa mwenye nacho akikosa kipindi, atatafutiwa kwingine. Wa maskini akikikosa, kimekwenda.

Ndiyo maana nasikitika nikisikia tiba ikitajwa kuwa ni fedha peke yake, au ni kuwakaripia walimu peke yake. Huko Busia, magharibi mwa Kenya, Michael Kremer na wenzake waligawa vitabu vya kiada katika shule za msingi miaka ya 1990. Wastani wa alama haukupanda. Walionufaika ni wanafunzi waliokuwa tayari wanaongoza, kwa kuwa vitabu viliandikwa kwa Kiingereza, lugha ya tatu kwa wengi wao, na vilikuwa vigumu kwa waliobaki. Hapa kwetu, mwaka 2013 na 2014, shirika la Twaweza na watafiti wakiongozwa na Isaac Mbiti walifanya jaribio katika shule za msingi 350 za wilaya 10. Shule za kundi moja zilipewa ruzuku ya shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi. Katika kundi la pili walimu waliahidiwa bonasi kwa kila mtoto wa madarasa ya chini atakayefaulu majaribio ya kusoma na kuhesabu. Kundi la tatu lilipata vyote viwili, na la nne halikupata kitu. Ruzuku peke yake haikuwaongezea watoto ujuzi. Bonasi peke yake ilileta mabadiliko madogo yasiyo na uhakika. Vilipokuwa pamoja, watoto waliendelea kwa kiasi kikubwa kuliko jumla ya vile viwili. Niliposoma matokeo hayo yalipochapishwa 2019, nilimkumbuka mwalimu mkuu wetu: kisima na daftari la vipindi vilikwenda pamoja.

Mwaka 2009 nilihamishiwa sekondari ya kata, mwaka uleule ambao watoto walioanza darasa la kwanza 2002 waliingia kidato cha kwanza. Huko nikaona kikwazo kingine. Katika shule zao za msingi walikuwa wamesoma kila somo kwa Kiswahili, na sasa baada ya kozi ya wiki chache kila somo liligeuka Kiingereza. Siku moja nilifundisha baiolojia jinsi jani linavyojitengenezea chakula kwa mwanga. Niliuliza kama wameelewa, na darasa zima likaitikia kwamba limeelewa. Nikauliza swali moja dogo, kimya. Nikarudia swali lilelile kwa Kiswahili, na vidole vikapanda. Msichana mmoja akasimama, akaeleza kwamba mikorosho iliyobanana haizai vizuri kwa sababu matawi yananyimana jua, na ndiyo maana baba yake huyapogoa. Kiini cha usanisinuru alikuwa anakijua tangu shambani. Kwenye karatasi ya mtihani angepata sifuri.

Tume ya Rais iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kianze kutumika kufundishia sekondari, na pendekezo hilo halikutekelezwa. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014 ilifungua mlango wa kukitumia ngazi zote, na bado darasani kwangu hakikubadilika kitu. Siwachukii wanaotaka watoto wajue Kiingereza. Nami nataka wakijue, tena vizuri, kwa kufundishwa kama somo na mwalimu anayekijua. Ninachopinga ni kumpima mtoto hisabati, jiografia na sayansi kwa lugha ambayo hata mwalimu wake anaitafuta.

Februari 2013 ilitangazwa kwamba takriban asilimia 60 ya watahiniwa wa kidato cha nne wa 2012 wamepata daraja sifuri. Nchi ilishtuka, serikali ikaunda tume, na matokeo yakapangwa upya. Redioni walilaumiwa wanafunzi kwa uvivu, simu na utandawazi. Mimi nilihesabu miaka. Anayemaliza kidato cha nne 2012 bila kukariri darasa aliingia darasa la kwanza 2002. Ni watoto walewale tuliowapokea kwa mamia, wengi wao bila mwalimu wa kuwafundisha kusoma, kisha tukawabadilishia lugha. Matunda ya kazi ya yule mama niliyaona hapohapo: wanafunzi waliopitia mikononi mwake walijua kutumia kamusi na kuandika muhtasari wao wenyewe, na kadhaa wao walifaulu mtihani ule uliowaangusha wengi. Wazazi wao walikuwa wakulima wa korosho na mihogo kama wengine wote.

Kwa hiyo naomba kauli ya umaskini ikome kutumika kama kisingizio. Mwalimu mkuu, mpe darasa la kwanza mwalimu wako bora. Afisa elimu, mlipe mwalimu haki zake asizifuate kwa basi, kisha mdai vipindi vyake vyote. Wajumbe wa kamati ya shule, ulizeni vipindi vingapi havikufundishwa mwezi huu kabla ya kuuliza rangi ya madarasa. Nanyi wazazi na wajomba, toeni debe la mahindi wakati fedha ipo. Leo jioni mkalishe mtoto wako, umpe kitabu au kipande cha gazeti, umfunike maneno ya mwanzo, na umwambie asome yanayofuata. Kama wewe hukusoma, mwite kaka yake au jirani asikilize. Akishindwa, kesho asubuhi nenda naye shuleni, ukamwombe mwalimu akueleze kwa nini, na usiondoke kabla hamjakubaliana mtafanya nini.